Mgeni Aliyeachwa na Treni

Wageni walianza kuja nyumbani kwa Phares mwaka ule binti yake Elsie alipoolewa. Kabla hajahamia kwa mumewe kule Kware, Elsie alikipiga picha chumba chake, kitanda na pazia na kidirisha chenye maua ya plastiki, akaziweka picha hizo kwenye mtandao wa kukodisha vyumba. Haukupita muda, Wazungu na Wahindi na Wajapani wakaanza kubisha mlango wa orofa ya pili pale mtaa wa Fedha, Nairobi. Wengi walilala usiku mmoja tu. Ndege iliwashusha Embakasi jioni, na asubuhi walikwenda kupanda treni ya Mombasa kule Syokimau. Fedha iko katikati ya sehemu hizo mbili, na chai ya Rispa, mkewe Phares, ilikuwa na sifa.

Rispa ndiye aliyewapa wageni mwongozo. Alikuwa ameipanda treni hiyo mara kadhaa na akina mama wa kanisa, na aliyajua mambo yake kama anavyoyajua ya jikoni kwake. Aliwaambia tikiti ikatwe mapema, kwa sababu siku za likizo viti huisha watu wakitazama. Jina la kwenye tikiti na la kwenye pasipoti yawe mamoja, herufi kwa herufi. Wafike stesheni saa nzima kabla, maana mizigo hunuswa na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mashine, kisha watu nao hupekuliwa. Wasibebe kisu wala pombe wala kopo la kupuliza. Waweke sweta karibu, kwa kuwa ndani kuna baridi ya mashine. Na wakishuka Miritini wasidhani wamefika baharini. Mji bado uko mbali, watafute gari.

Phares alikuwa akiyasikiliza hayo kutoka kwenye kiti chake, akiguna. Yeye hakuwahi kuipanda treni hiyo na aliapa hataipanda. Tangu ujana wake mpaka mvi zilipomjaa alikuwa mhudumu wa behewa la chakula katika treni ya zamani, ile iliyoondoka Nairobi jioni na kuamkia pwani. Alivaa koti jeupe lililopigwa wanga, akapita kwenye ujia wa mabehewa na kengele yake ya mkono akiwaita abiria wakale, na aliweza kumimina supu treni ikiwa kwenye kona bila kudondosha hata tone. Treni ile ilipokufa, hakuna aliyemwita kuiaga. Siku treni mpya ilipozinduliwa, majirani walijazana mbele ya televisheni, naye akaenda kunyolewa. Akiulizwa, husema ile si treni, ni lifti iliyolazwa chini.

Shida ni kwamba naye alipenda kuwashauri wageni, na ushauri wake ulikuwa wa treni ya zamani. Kuna kijana Mholanzi aliyeambiwa na Phares abebe chandarua, akakinunua kweli. Tangu siku hiyo Rispa alimwomba mumewe aongee na wageni habari za mpira na hali ya hewa.

Ndipo akaja Marit.

Alikuwa mama wa Kinorwe mwenye umri sawa na wa Phares, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa kama za mtoto wa shule, mkononi ana fimbo nyeupe. Macho yake yalikuwa yameharibika katikati. Aliona pembeni tu, kwa hiyo ukisema naye alikugeuzia shavu, kama kuku anayetazama punje. Alipofika mlangoni alipiga hodi kwa sauti, na Rispa alipofungua akamwamkia, "Shikamoo, mama." Rispa alicheka mpaka akashika mlango. Nairobi hakuna mtu mzima anayempa mwenzake shikamoo, tena Mzungu.

Kiswahili chake alikitoa Tabora, alikokuwa mkunga kwa miaka mingi. Huko alifanya kazi na muuguzi wa kutoka pwani aitwaye Mwanakombo, wakazalisha pamoja, wakala sahani moja. Sasa Mwanakombo alikuwa Mombasa, mgonjwa wa figo, na Marit alikuwa anakwenda kumwona kabla macho hayajazima kabisa. Ndivyo alivyosema, bila kujihurumia. Watoto wake hawakutaka asafiri peke yake. Akawaambia treni hupita kwenye reli, haiwezi kupotea njia.

Jioni ile Rispa alimsomea mwongozo wote, taratibu, na Marit akaurudia kama mwanafunzi. Lakini Phares alipotaja Tabora, mazungumzo yakahama. Marit aliijua treni ya Kigoma, aliijua kengele ya chakula, aliujua mkate uliokaangwa kwa mafuta na chai ya vikombe vizito. Phares akaleta kiti karibu. Rispa aliwaona wanavyocheka akaenda kulala, akimkumbusha mumewe mlangoni kwamba kesho yeye hatakuwepo. Alfajiri yeye na akina mama wenzake wa kanisa walikuwa wakienda Mukuru kwa Reuben kumfariji mwenzao aliyefiwa. Kwa hiyo Phares ndiye atakayempeleka mgeni stesheni. Jua likichomoza wawe barabarani.

"Nimesikia, Mama Elsie," alisema Phares.

Na asubuhi alikuwa amekumbuka. Kosa lake halikuwa usahaulifu. Aliamka gizani, akatandika kitambaa cheupe mezani, akakunja leso kwa mtindo wa feni, kama enzi zake. Marit hakuiona leso ile. Aliigusa kwa vidole, akaifuata mikunjo mmoja baada ya mwingine. Akasema hajakunjiwa leso namna hiyo tangu mumewe alipokuwa hai, walipokuwa wakisafiri kwenda Kigoma. Phares akamimina chai. Akamimina tena. Teksi ilifika, dereva aitwaye Mutisya akapiga honi chini, na Phares akatoa kichwa dirishani akamwambia angoje.

Marit aliuliza kama wakati haujawapita. Phares akamtuliza. Treni, alisema, haimwachi mtu anayekimbia. Yeye mwenyewe aliwahi kumwona gadi wa treni akiishusha bendera na kuipandisha tena kwa ajili ya mama mjamzito aliyekuwa mwisho wa jukwaa. Kisha akaleta machungwa manne, na kisu kidogo chenye mpini wa mbao alichokuwa akimenyea matunda ya abiria, na kopo la dawa ya mbu. Stesheni ya Mtito Andei mbu ni wengi, alijisemea moyoni, na machungwa bila kisu ni mzigo. Akavitia vyote chini kabisa ya mkoba wa Marit, chini ya nguo. Aliona haya kidogo, kwa kuwa maneno ya Rispa alikuwa ameyasikia vizuri. Lakini aliamini Rispa anatishwa na maaskari vijana wasiojua kazi.

Walikwama kabla ya kufika makutano ya Cabanas. Malori yalikuwa yamefunga barabara pande zote, na Mutisya, ambaye alikuwa ametoka mtaa wa Pipeline mbiombio kuwafuata, alizima injini.

"Buda, ningewatoa mapema hapa pangekuwa clear," alisema. "Sasa ni kuomba Mungu."

Marit alikuwa ameupakata mkoba wake, shavu limeelekea dirishani.

Walipofika Syokimau umati ulikuwa umeshaingia. Waliobaki walipanga mizigo chini kwa mstari, na mbwa akapita akiinusa mmoja mmoja kama mkaguzi. Mbwa hakujali machungwa. Baadaye mkoba wa Marit uliingia kwenye mashine, na mashine ikasimama.

Phares alikuwa nyuma ya kizuizi, mahali wasindikizaji wanapoishia, lakini si mbali. Alimwona askari wa kike, msichana mwenye sauti ya upole ambaye kifuani alikuwa na jina Ndindi, akiutoa mkoba na kuufungua juu ya meza. Ikatoka kanga, ikatoka sweta, likatoka kopo la dawa. Mwisho kikatoka kisu.

Ndindi alikiinua. "Mama, hiki ni cha nani?"

"Ni changu, mwanangu," Marit alisema. "Nimezeeka. Nilisahau kukitoa."

Ndindi akamwambia kwamba hapo lazima aandikwe, na mkoba wote upekuliwe upya, na kwamba yeye atamwita mkubwa wake. Marit akaitikia kwa kichwa. Alisimama wima, mikono yote miwili juu ya fimbo, watu wakimpita kulia na kushoto, na wawili watatu wakamtazama kama mtu aliyekamatwa na jambo.

Phares angeweza kunyamaza. Yule mama alikuwa ameshamfungulia njia ya kutokea, na alifanya hivyo bila hata kugeuza uso upande wake. Lakini alikitazama kile kisu mkononi mwa Ndindi, mpini umelainika kwa kiganja chake mwenyewe, na miguu yake ikamsogeza mpaka kwenye chuma cha kizuizi.

"Binti," aliita. "Mama huyo hakijui hicho kisu. Haoni vizuri. Mimi ndiye niliyemtilia, na hiyo dawa pia. Aliambiwa asibebe, mimi nikaingilia."

Ndindi alimtazama Phares, akamtazama Marit. Uso wake ulilegea. Akamwita mkubwa wake, wakasemezana, na mkubwa akasema kisu na kopo vibaki, mama aende. Ndindi mwenyewe akamshika Marit mkono, wakatembea haraka kuelekea lango la ndani. Phares aliwafuata kwa macho mpaka walipopotea. Baada ya muda mfupi akawaona wanarudi, sasa taratibu. Lango lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na gadi wala bendera. Treni iliondoka hata hakuisikia.

Walikaa kwenye benchi nje, kivulini. Marit alitoa simu, akaileta karibu na sikio lake, akaiamuru impigie Mwanakombo. Alizungumza kwa utani, akasema miguu yake ya kizee imeshindana na treni ikashindwa. Lakini Phares alisikia kutoka upande wa pili sauti dhaifu ya mwanamke ikiuliza kama kweli atakuja leo, maana kesho ni siku yake ya kuoshwa damu hospitalini na siku hiyo huwa hana nguvu hata ya kufumbua macho.

Simu ilipokatika Phares akasema, "Sista, nimekukosesha safari. Si miguu yako. Ni mdomo wangu."

Phares alifikiri Marit amekasirika, na kwa kweli alikuwa amekasirika kidogo.

"Nilipenda ile chai," alisema Marit. "Nilijua tunachelewa, nikakaa. Kwa hiyo tugawane. Lakini kisu, bwana Phares, kisu ni chako peke yako."

"Ni changu."

"Haya. Sasa tuulize treni nyingine."

Ndindi ndiye aliyewaambia kwamba kuna ya alasiri, na kwamba dirisha la tikiti liko wazi, wajaribu bahati. Kabla hawajakwenda, Phares alijitenga akampigia Rispa. Alimweleza yote bila kupunguza. Kule Mukuru kulikuwa na sauti za wimbo wa matanga. Rispa alitoka nje ya nyumba ile ndipo akajibu.

"Baba Elsie. Mimi nilikuambia nini?"

"Uliniambia."

"Na sasa utafanya nini na mgeni wa watu?"

Phares hakuwa ameamua mpaka aliposikia swali hilo. "Nitamfikisha," alisema.

"Umfikishe wapi?"

"Mombasa."

Rispa akamuuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya hasira tena, kama ana kitambulisho mfukoni.

Alikuwa nacho. Viti vilipatikana, viwili pamoja, upande wa kulia. Walishinda pale stesheni wakila machungwa kwa kuyamenya kwa kucha, na safari hii walikuwa wa kwanza kwenye mstari wa mbwa.

Ndani ya behewa Phares alikaa kama mtu aliye kwenye nyumba ya mkwe, magoti pamoja, kofia mapajani. Aliungojea ule mtikiso, ule mshtuko wa mabehewa yakivutana moja baada ya jingine, ambao mwili wake uliujua kuliko wimbo wowote. Haukuja. Marit alimgusa mkono akamwambia wameshaondoka. Phares akatazama nje akaona kweli, nguzo zinarudi nyuma.

"Niambie kuna nini," Marit alisema. "Pembeni naona rangi tu."

Mwanzoni alimjibu kwa uchoyo. Nyasi. Ng'ombe. Kiwanda cha saruji. Kisha wakaipita sehemu ambayo reli mpya imeinuliwa juu ya nguzo, na chini yake, kwenye majani, akaiona reli yake. Ilikuwa nyembamba, ya kutu, imejipinda kufuata mabonde. Akasogeza uso kwenye kioo. Marit akauliza kuna nini. Akamwambia.

Tangu hapo hakuacha kusema. Alimtajia stesheni za zamani zilizokuwa zikitokeza na kupotea, paa za mabati mekundu, mti wa jakaranda mmoja uliosimama mbele ya chumba cha stesheni masta ambaye hayupo. Alimwambia ni wapi walikuwa wakipewa samaki, ni wapi mpishi wao alizaliwa, ni wapi maji ya kuoshea vyombo yaliisha wakaosha kwa soda. Marit alicheka, akauliza tena. Mlima Kilimanjaro ulipaswa kuwa upande wao, na Phares alitamani sana kumpa mlima, lakini kulikuwa na wingu tu, kubwa, jeupe. Akamwambia ukweli kwamba ni wingu.

"Basi nieleze wingu," alisema Marit.

Walipoingia Tsavo jua lilikuwa limeshuka na ardhi yote imekuwa nyekundu. Hapo Phares alitambua jambo lililomshangaza. Treni yake ilikuwa ikivuka nyika ile usiku. Na hata ilipochelewa ikavuka mchana, yeye alikuwa kati ya meza na jiko, sinia mkononi, akitazama vikombe. Alikuwa ameipita Tsavo maisha yake yote ya kazi na hakuwahi kukaa akaitazama. Ndovu walikuwa karibu na reli, wakubwa na wadogo, wote wamejipaka udongo, rangi ya matofali. Aliwahesabia Marit kwa sauti, akachanganyikiwa, akaanza upya, na abiria wa kiti cha mbele akageuka kumsaidia.

Ni wakati huo ambapo kijana mhudumu alifika na kigari chake cha vyakula. Alikuwa na shati lililonyooka na kitaulo begani. Alisimama mbele yao akainama kidogo.

"Mzee, nikuwekee chai?"

Phares alimwangalia. Midomo yake ilikuwa imezoea kuuliza swali hilo, si kuulizwa. Marit alingoja, kijana naye akangoja bila kuonyesha haraka. Mwishowe Phares akasema ndiyo, iwe na sukari, na akautazama mkono wa kijana unavyomimina. Hakudondosha hata tone. Ni kweli reli ilikuwa laini, lakini mkono nao ulikuwa mzuri.

"Unaifanya vizuri hii kazi," Phares alimwambia.

Kijana akashukuru, akaenda zake. Phares alikunywa chai ile polepole, na macho yalipomjaa machozi aligeukia dirisha. Kwa bahati hapakuwa na mtu wa kumwona vizuri.

Miritini waliingia giza likiwa limeshaanguka, na joto la pwani liliwapokea mlangoni kama pumzi ya tanuri. Mwanakombo alikuwa nje ya stesheni, ndani ya gari la mwanawe, mlango wazi, miguu imevimba juu ya kigoda. Alikuwa amekataa kungojea nyumbani. Marit hakuweza kumwona, lakini Mwanakombo alipoita, "We Marit, umechelewa kama kawaida yako," aliiacha fimbo ianguke, akaifuata sauti mikono mbele. Phares aliiokota fimbo, akasimama na mkoba kando, akitazama upande mwingine mpaka walipomaliza kulia.

Usiku ule Phares alilala kwa Mwanakombo kama jamaa, akapewa wali wa nazi, na kesho yake akarudi Nairobi kwa treni ya mchana. Alipoingia nyumbani Rispa alikuwa amejiandaa kumsema, na alimsema, kwa haki, muda wa kutosha. Kisha akamuuliza ameona nini. Phares alieleza mpaka ugali ukapoa.

Baada ya majuma matatu simu iliita mchana, Phares akiwa peke yake sebuleni. Alikuwa Marit, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mvumo laini wa treni. Alikuwa akirudi, peke yake. Mwanakombo bado anaugua, alisema, lakini walikuwa wamecheka siku zote zile isipokuwa siku za hospitali, na waliagana vizuri, wote wawili wakijua hawataonana tena. Sasa walikuwa wanaipita Voi. Karibu naye alikuwa amekaa kijana wa Malindi, mwanafunzi, ambaye Marit alikuwa amemwomba amweleze yaliyo nje ya dirisha.

"Anasema kuna twiga," alisema Marit. "Mmoja amelala chini. Bwana Phares, twiga hulala?"

Phares alisema hajui, hajawahi kumwona twiga amelala. Akamwomba ampe yule kijana simu, akakaa vizuri kwenye kiti chake, akamwambia aeleze polepole.